Nina milioni tano na fremu Morogoro: nifungue vipi studio ndogo ya kuediti video?

Mzee wa Fremu
Wakuu, habari za muda huu.

Mwaka wa nne sasa nashuti harusi, sendofu na komunio huku Morogoro, naeditia chumbani kwangu. Mwezi huu nimepata fremu Kihonda, chumba kimoja, kodi nimelipa miezi sita. Nataka pawe studio ya kuediti, mteja akija akute pa kukaa.

Mashine niliyonayo ni Ryzen 5 3600, RAM 16, GTX 1660 Super, SSD ya 500, na diski moja ya nje ya terabaiti 2 ambayo imeshajaa. Kamera ni mbili, Sony a6400 ya siku nyingi na a7 IV niliyoinunua mkononi mwa mtu. Tangu hii ya pili iingie nimekoma. Kwenye programu ya kuediti ya Resolve, ile ya bure, nikiingiza klipu napata sauti tu, picha hakuna. Kwenye programu nyingine, Premiere, picha inakuja, ila inakwenda kama mzee anayepanda ngazi na gunia: hatua mbili, anapumzika, hatua mbili, anapumzika.

Jamaa wa duka moja Kariakoo kaniambia dawa ni RTX 4070. Nina milioni tano kamili, hazizidi. Orodha yangu: RTX 4070, monita mbili zile zilizopinda, kiti cha gemu, taa za rangi za ukutani, spika. Nisahihisheni kabla sijapanda basi.

Chai Rangi
Nimeweka kambi hapa. Ngoja wajuvi waje.

mjukuu wa VHS
Mkuu, basi usilipande kwanza. Hiyo a7 IV umeiweka fomati gani? Fungua menyu uandike kama ilivyo humo.

Mzee wa Fremu
XAVC HS 4K, 50p, 200M 4:2:2 10bit. Nilichagua kubwa kuliko zote nikijua ndiyo bora.

mjukuu wa VHS
Basi kadi ya picha siyo mgonjwa wako. Kaa vizuri nikueleze, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa.

XAVC HS ni H.265, yaani kodeki, namna ya kuibana video iwe ndogo. Kodeki hii haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi moja nzima, zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Ukivuta kishale katikati ya klipu, kompyuta inarudi nyuma kutafuta ile picha nzima, inajenga kuanzia hapo mpaka pale ulipo. Ukirudi nyuma kidogo, inaanza upya. Kazi hiyo prosesa ikiachiwa peke yake inazidiwa, ndiyo maana chipu nyingi zina kijisehemu ndani yake ambacho hakifanyi kitu kingine zaidi ya kufungua kodeki. Ila kijisehemu hicho hakifungui kila kitu.

Sasa ile 4:2:2. Ni kiasi cha rangi ambacho kamera inaandika. 4:2:0 ya kawaida inaandika nusu ya rangi hizo. Macho ya mama mzazi wa bibi harusi hayataona tofauti, ila kijisehemu kile kinaiona. Kadi za NVIDIA kabla ya mfululizo wa 50 zinafungua H.265 ya 4:2:0, hata 4:4:4 kuanzia kizazi chako hicho cha 1660, lakini 4:2:2 haziigusi. RTX 4070 haiigusi. Na Ryzen 3600 haina picha ndani yake hata kidogo, yaani haina kijisehemu cha kazi za picha kilichojengwa ndani ya prosesa. Yaani ungekwenda Kariakoo, ungeacha huko sehemu kubwa ya milioni zako, ungerudi Kihonda ukafungue klipu ile ile, na yule mzee wa ngazi angekuwa bado yupo na gunia lake.

Wanaoifungua 4:2:2 ya H.265 ni hawa: prosesa za Intel zenye picha ndani kuanzia kizazi cha 11, kadi za Intel Arc, Mac zenye chipu za Apple kuanzia M1 ya 2020, na NVIDIA za mfululizo wa 50 zilizotoka 2025. Na Resolve ya bure kwenye Windows inazigomea faili za namna hiyo hata ukiwa na mashine ya maana, ndiyo ile sauti bila picha unayoiona. Toleo la kulipia ni dola 295, unalipa mara moja, hamna mambo ya kila mwezi.

Leo jioni, bila kutoa hata mia, ingia kwenye menyu uchague 4:2:0 10bit. Premiere yako itaifungua kwa 1660 hiyo hiyo. Na 50p, yaani picha 50 kwa sekunde, ya nini muda wote? Weka 50p bibi harusi akiingia, maharusi wakicheza, maua yakirushwa. Hotuba ya mjomba ya dakika arobaini iweke 25p. Isitoshe a7 IV kwenye 4K 50p inakata pembeni, lenzi yako pana haiwi pana tena.

Mzee wa Fremu
Mkuu, nimekaa kimya dakika kumi nzima. Kwa hiyo yule jamaa alitaka kuniuzia kitu ambacho kisingenisaidia?

mjukuu wa VHS
Sidhani kama alikusudia. Swali la "kadi gani nzuri" anaulizwa na watoto wa gemu kutwa nzima, na kwa gemu jibu lake ni sahihi.

Luthuli254
Niaje wadau. Mimi niko Nairobi na ningependa ndugu yangu ajifunze kutokana na makosa yangu. Wakati naanza nilienda nikachukua kompyuta ya HP Z440, zile za mitumba kutoka Uingereza zinaitwa ex-UK. Xeon, RAM 64, sanduku zito hata kulibeba ni kazi. Bei ilikuwa nzuri ajabu. Nikajiona nimefika.

Klipu za drone na za H.265 zikanifunza adabu. Zile Xeon E5 hazina picha ndani, kwa hivyo hakuna Quick Sync, kile kijisehemu cha Intel cha kufungua kodeki. Core ziko nyingi lakini kila moja ni ya polepole, ni mtambo wa 2014 huo. Power supply na ubao wake ni vya HP wenyewe, havibadilishwi na vya kawaida ukitaka. Halafu Windows 10 ikaachwa kupewa masasisho Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali hizo prosesa. Sasa iko kwa kona, nimeigeuza store ya faili. Kwa kazi hiyo iko sawa kabisa, siwezi kuitusi.

Kaka Mkubwa wa Sido
Mimi nataka kumbishia mjukuu wa VHS kidogo. Kama NVIDIA za 50 zinafungua, si anunue tu RTX 5060 achomeke, mchezo umekwisha? Kubadilisha prosesa ni kubadilisha na ubao. Fundi, Windows upya, siku mbili.

mjukuu wa VHS
Hoja nzuri, wala sibishi kwamba itafanya kazi. Maswali yangu mawili tu: power supply yake ni ya ukubwa gani, na 8GB za kadi hiyo zinamtosha akianza kusafisha mchanga wa picha za ukumbini kwenye Resolve ya kulipia? Mzee wa Fremu, pawa yako ni wati ngapi?

Mzee wa Fremu
450. Ilikuja na keisi. Jina lake sijawahi kulisikia popote.

mjukuu wa VHS
NVIDIA wenyewe wanataka 550 kwa 5060. Kwa hiyo ni kadi na pawa. Sasa linganisha: i5-12500 na ubao wa B660 ule unaokula RAM ya DDR4 kama yako. RAM yako inahamia, keisi inabaki, SSD inabaki, 1660 inabaki na inaendelea na kazi ya rangi na efekti wakati Intel inafungua klipu. Na prosesa yenyewe inakuwa mpya zaidi.

Kwa nini 12500 na si 12400? Zote zina picha ndani, ila ya 12400 ni UHD 730 yenye injini moja ya kodeki. Ya 12500 ni UHD 770, zipo mbili. Wewe una kamera mbili kwenye taimulaini moja. Bei haziachani sana.

Halafu sikiliza hili kwa masikio yote mawili. Ukienda dukani angalia herufi ya mwisho. 12400F ina F, na F maana yake picha ya ndani imezimwa kiwandani. Ni prosesa ile ile, bei ndogo kidogo, na kwako wewe haina maana yoyote. Muuzaji atakwambia "hiyo haina tofauti, mradi una kadi". Mwache aseme.

Ukishafunga, ingia BIOS, ile menyu ya kabla Windows haijawaka, uwashe picha ya ndani. Bao nyingi zinaizima zenyewe zikiona kadi imechomekwa. Watu wanafunga kila kitu sawasawa, wanakosa hapo, wanarudi kutukana Intel.

Dada wa Arusha
Jamani, mnamzungusha kaka wa watu na vis na bao. Mac mini ya M4, basi. Tangu 2024 ya chini kabisa inakuja na RAM 16. Inafungua hizo 4:2:2 bila kuulizwa herufi ya mwisho, haina kelele, inakula umeme wati 65 ikikazana kabisa. Mimi nimehamia huko na fundi wangu wa kompyuta sasa tunasalimiana tu njiani.

Kaka Mkubwa wa Sido
Na hiyo hifadhi ya 256 dada unaifanyia nini? RAM yake unaongeza vipi? Ikifa ubao?

Dada wa Arusha
256 ni ya mfumo na programu, kazi zote zipo SSD ya nje. RAM haiongezeki, kweli, unanunua unayoitaka siku ya kwanza. Ikifa nitalia. Ila zako zimekufa ngapi kaka?

Kaka Mkubwa wa Sido
Tatu. Naondoka na aibu yangu.

Fundi wa Nyasaka
Nimesoma kurasa zote na hakuna aliyegusa umeme zaidi ya dada hapo juu. Mimi ni fundi umeme Mwanza, siediti, ila nimetengeneza studio za watu wengi kiasi cha kujua zinafia wapi.

Watu wanaogopa umeme ukikatika. Ukikatika unapoteza kazi ya dakika tano, unakunywa maji, unasubiri. Vifaa vinakufa umeme ukirudi. Unarudi na kishindo, unapanda, unashuka, unapanda tena, na mashine yako ilibaki imewashwa kwenye swichi. Kile kifaa cha friji, friji gadi, ambacho kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite, kiweke kabla ya UPS, lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika. Ni pesa ndogo kuliko kitu chochote kwenye orodha yako.

UPS sasa. Kwenye boksi wameandika 1000VA kwa maandishi makubwa. Geuza nyuma utafute wati, mara nyingi utakuta 600. Wati ndiyo unayoitumia. Desktopu ya mkuu hapa ikirenda, na monita juu yake, tuseme inavuta 400. Ndani ya UPS ya aina hiyo kuna betri mbili za volti 12, saa-ampea 7. Zidisha: wati-saa 168. Gawanya kwa 400, karatasi inakwambia dakika 25. Usiamini karatasi. Betri za risasi zikivutwa kwa nguvu hivyo zinatoa kama nusu, na zikikaa mwaka mmoja kwenye joto zinatoa chini ya hapo. Kwa hiyo UPS ni ya kuhifadhi kazi na kuzima, siyo ya kumalizia harusi.

Mashine ya dada ya wati 65 na monita ya 30, UPS hiyo hiyo inaibeba zaidi ya nusu saa bila wasiwasi. Simpigii debe, nasema hesabu.

Ukitaka kufanya kazi umeme haupo, nunua inveta na betri ya lithiamu ya 12.8V 100Ah. Hiyo ni wati-saa 1,280. Toa zinazoliwa na inveta, desktopu yako inakwenda saa mbili na nusu na kidogo. Lakini inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinatoa umeme wa ngazi ngazi, na power supply za kisasa zenye PFC zinaweza kuzikataa: umeme ukihama tu, mashine inazima kama hukuwa na UPS. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza "UPS mbovu" ambayo haikuwa mbovu.

Na hiyo 450 isiyo na jina, mkuu, itoe. Kama huna pesa ya kitu kingine chochote, itoe.

Chai Rangi
Nimetoka hapa nimekwenda kugeuza UPS yangu. 650VA. Wati 360. Miaka mitatu nimedanganywa na boksi.

BintiUnguja
Asalaam alaykum. Mie nipo Unguja, naediti harusi na video za mahoteli. Hizo monita zilizopinda na taa za rangi, bwana, ziondoe kwenye orodha leo leo.

Nilipofungua studio nilipaka ukuta mwekundu, nikaweka na taa za zambarau nyuma ya meza. Wateja wakiingia wanapiga picha. Harusi ya kwanza niliyoifanya mle, bibi harusi katoka na uso uliokolea wekundu. Kwangu alikuwa mzuri kabisa! Jicho lilikuwa limeshazoea wekundu wa ukuta, likawa linanidanganya nisawazishe. Mama yake kaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, aliumwa siku ile?" Nimepaka kijivu, kile kisichovuta rangi yoyote, na taa moja nyeupe nyuma ya monita.

Monita iwe ya IPS, yaani kioo kisichogeuza rangi ukikitazama pembeni, bapa, iandikwe asilimia 100 ya sRGB, kile kipimo cha kawaida cha rangi za skrini. Inchi 24 hadi 27 yatosha. Moja nzuri ni bora kuliko mbili za gemu. Hiyo ya pili weka ya zamani yoyote, ya kushikilia faili. Ukipata kifaa cha kupimia rangi cha kuazima, azima. Sisi hapa tunacho kimoja watu wanne, kinazunguka kama sufuria la pilau.

Na rangi ya ngozi usiikadirie kwa jicho. Fungua vektaskopu, kile kipimo cha rangi cha duara ndani ya programu ya kuediti. Kuna mstari wa ngozi mle, na ngozi zote, bibi harusi wa Kitumbatu na mgeni wa Kizungu, zinaangukia karibu na mstari ule ule. Kinachotofautiana ni mwangaza na ukolevu. Ukiona wajihi umetoka nje ya mstari, basi ni taa za ukumbi, siyo yeye. Ngozi nyeusi watu wanaharibu kwa kuivuta juu iwe nyeupe. Iache ilipo, vuta kidogo pale penye mng'aro wa paji na mashavu.

Chengine, huku kwetu chumvi na unyevu. Lenzi zangu zinalala kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko cha kubana na vile vipakiti vya silika. Nyinyi wa Moro mna mvua za kutosha, msijione mpo salama.

Mzee wa Fremu
Dada, ukuta nilikuwa nimeshanunua rangi. Nyekundu. Kopo mbili zipo hapa nazitazama.

BintiUnguja
Paka mlango wa nje. Wapita njia watauona.

mjukuu wa VHS
Hifadhi, maana diski moja iliyojaa ni msiba unaosubiri tarehe. Hesabu yako: megabiti 200 kwa sekunde ni megabaiti 25, kwa saa moja ni gigabaiti 90. a6400 kwenye 100 ni 45 kwa saa. Sherehe moja kila kamera ikirekodi saa nne, umejaza gigabaiti 540. Harusi tatu na kipande, terabaiti 2 kwisha. Ukifuata ushauri wa 25p kwa hotuba utashuka vizuri.

Mpangilio wangu: NVMe, yaani SSD ya kasi, ya terabaiti 1 ya kazi inayoendelea, na diski mbili za kuzunguka za terabaiti 4 zilizo sawa. Klipu zinakwenda diski zote mbili kabla hujafuta kadi ya kamera. Moja inabaki studio, nyingine inalala nyumbani. Usinunue SSD kubwa kwa ajili ya kuhifadhi. Diski ya kawaida inasoma megabaiti 150 na zaidi kwa sekunde, na klipu yako inahitaji 25.

a7 IV ina nafasi mbili za kadi. Iwekee zote, irekodi kwa pamoja. Na kila kadi mpya unayonunua, kabla haijaingia kanisani, ijaribu na H2testw. Inaandika mpaka kadi ijae kisha inasoma kila kitu. Kuna kadi sokoni zimeandikwa 128 na ndani zina 16. Zinakubali kurekodi mpaka mwisho, kinachozidi kinapotea kimya kimya.

Luthuli254
Naongezea hapo. Diski yangu ilianguka kutoka mezani, urefu wa goti tu, ikiwa inazunguka. Ikaanza kulia kama saa ya ukutani. Ndani kulikuwa na ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ya familia moja, nakala ya pekee. Nilienda kuwaambia mwenyewe, nikakaa kwa sofa yao nikaongea nikiangalia chai. Walinielewa, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Nunua mbili.

Chai Rangi
Na spika?

mjukuu wa VHS
Hedifoni nzuri iliyofunika masikio kwanza, Sony MDR-7506 au ATH-M50x. Spika baadaye. Chumba tupu chenye sakafu ya vigae kitazidanganya spika za bei yoyote. Tundika mapazia mazito, weka zulia, hata godoro kuukuu nyuma ya kiti.

Dada wa Arusha
Jambo dogo la kumkabidhi mteja, maana hakuna anayelisema. Utamaliza harusi, faili la gigabaiti 9, mteja anakuletea flashi yake. Unakopi, inakwambia faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya 32. Flashi ipo FAT32, haipokei faili zaidi ya gigabaiti 4. Ukiiformati exFAT, TV ya sebuleni kwao huenda isiisome. Mimi nakata filamu vipande vitatu: maandalizi, ibada, ukumbi, kila kimoja chini ya gigabaiti 4, H.264, 1080. Hakuna aliyewahi kuniuliza 4K iko wapi. Na ya WhatsApp mtumie kama faili la hati, siyo kama video, itafika ilivyo mradi isizidi gigabaiti 2.

Mzee wa Fremu
Wakuu, shikamooni na marahaba kwa wote. Nimerudi, wiki ya tano leo.

Nilibadilisha menyu usiku ule ule. Klipu mpya za 4:2:0 zikaanza kutembea kwenye Premiere na mashine ya zamani, nikabaki naicheka orodha yangu. Zile za 4:2:2 nilizokwisha kushuti nikazitengenezea proksi, yaani nakala nyepesi za kueditia, mashine ikalala imewashwa usiku mbili.

Kisha nikapanda basi. Duka la kwanza wakanipa boksi, nikaomba kulisoma. 12400F. Nikamwambia kijana F siitaki. Akacheka, akasema neno kwa neno alichoandika mjukuu wa VHS: "Haina tofauti bosi, mradi una kadi." Nikatoka. Duka la nne ndipo nikapata 12500, ubao wa DDR4, RAM nyingine 16 ikawa 32, na pawa ya 550 yenye jina. Nikachukua NVMe, diski mbili za 4TB, monita moja bapa ya IPS inchi 27, hedifoni, UPS ya wati 600 na friji gadi. Kiti ni cha mbao kutoka kwa seremala hapa hapa Kihonda, kina mto. Chenji imebaki laki tatu na ushee, nimeiweka kwa ajili ya leseni ya Resolve mwezi ujao.

Picha ya ndani ilikuwa imezimwa kwenye BIOS kama ulivyosema. Nilihangaika saa nzima ndipo nikakumbuka.

Ukuta ni kijivu. Mteja wa kwanza kaingia, katazama pande zote, kaniuliza kama bado sijamaliza kupaka.

Fundi wa Nyasaka
UPS umeipima?

Mzee wa Fremu
Nimeichomoa ukutani nikiwa narenda. Dakika kumi na moja ikapiga kelele, kumi na tatu ikazima.

Fundi wa Nyasaka
Iandike hiyo kumi na tatu kwa kalamu kwenye UPS yenyewe, na tarehe. Ukipima tena baada ya miezi sita ikasoma saba, unabadilisha betri.

Chai Rangi
Mkuu, ile Ryzen na ubao wake unauza? Nipo Dumila, naweza kufika Jumamosi.

Mzee wa Fremu
Njoo. Nitakupa na kopo mbili za rangi nyekundu.